Samaki wa Mutiso kwenye Ukuta Wetu

Jumamosi, jioni. Manyunyu tangu asubuhi, yale ya Landani yasiyokulowesha na yasiyokuacha mkavu. Nina rangi nyeusi kwenye kucha na sitaki kunawa kwanza.

Nianze na neno lenyewe nisije nikalizunguka: nina wivu.

Si wivu wa mapenzi. Mke wangu yuko jikoni anakaanga vitumbua vya kesho kanisani na hana mpango na mtu. Ninamwonea wivu kijana wa watu ambaye hajanikosea kitu. Nimelala na wivu huo, nimeamka nao, nimeendesha nao basi jekundu kutoka kituo hadi kituo huku nikiwatabasamia abiria. Juzi umenifanyisha jambo ambalo sikujua naliweza. Ndiyo maana naandika leo.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: kabla ya basi nilikuwa mchoraji wa mabango, Arusha. Saluni, gereji, bucha, baa, kanisa. Ukiwa na ukuta na una shida ya kuonekana, ulinitafuta mimi. Kwenye kona ya chini ya kila kazi niliandika MSANII: ELI, na namba ya simu pembeni. Mafundi wa mabango wote tulifanya hivyo, hata yule asiyejua kuchora mkono wa mtu ukafanana na mkono. Ukuta ndio ulikuwa tangazo letu. Usipotia jina, kesho mwenzako anasimama mbele ya kazi yako na kumwambia mteja, "Hii niliichora mimi." Na mteja atajuaje?

Sasa nipo huku. Ibada yetu ya Kiswahili inakutana Jumapili mchana, Rayners Lane, kwenye kanisa la Waingereza wanaotukaribisha baada ya ibada yao. Mwaka huu wakatupa chumba cha pembeni kiwe chetu kabisa, kwa shule ya Jumapili na kwa chai. Kina ukuta mmoja mrefu, mweupe, usio na dirisha wala hita. Nilipouona mara ya kwanza mikono iliniwasha.

Miaka yote hii nimekuwa nikisema, kwa utani na bila utani, kwamba siku tukipata ukuta wetu, huo ni wangu. Watu walicheka na kuitikia, "Wako, Baba Furaha." Nami nikaamini. Nilishauchora kichwani wakati nasubiri taa zigeuke kijani. Mchungaji Mwema katikati, kanzu nyeupe yenye mikunjo inayong'aa. Mlima Meru nyuma yake. Kondoo wanene, majani ya kijani kibichi, na mwanga ukishuka kutoka mawinguni kama kwenye kalenda.

Kamati ikampa Mutiso.

Mutiso ni kijana wa Machakos. Mchana anafanya kazi ofisini, jioni anasoma mambo ya sanaa, na kilichomteka ni michoro na alama za Wakristo wa kwanza kabisa, wale waliozikana kwenye mahandaki chini ya ardhi ya Roma. Hajui shikamoo. "Sasa, uncle," ndiyo salamu yake, halafu anakunyooshea ngumi uigonge. Lakini anabeba viti, anaosha vikombe, anawasindikiza akina mama hadi kituoni. Hilo ndilo linaniudhi zaidi. Angekuwa na maringo ningepata pa kumshikia.

Mke wangu yumo kwenye kamati. Nilimuuliza ni nani waliomtaka Mutiso.

"Wote," akasema.

"Wote, na wewe ukiwemo?"

"Na mimi. Baba Furaha, brashi umeishika mara ya mwisho kabla Furaha hajazaliwa. Nilitaka ukuta uishe."

Furaha yuko sekondari, anakaribia kunipita urefu. Nilichukua funguo nikatoka kwenda kuosha gari ambalo lilikuwa safi.

Basi akaanza kuchora. Alikuja jioni za katikati ya wiki, na kila Jumapili tulikuta kimeongezeka kitu. Njiwa mwenye tawi la mzeituni mdomoni. Tausi, kwa sababu watu wale waliamini nyama yake haiozi, basi wakamfanya alama ya uzima usiokwisha. Mwanamke aliyesimama na mikono yote miwili juu, anasali. Yona amelala chini ya mtango wake, na kando yake nyangumi anayefanana na mbwa aliyevimba. Mchungaji Mwema naye alikuwepo. Hana ndevu. Hana kanzu ndefu. Ni kijana wa nguo fupi, kabeba kondoo mabegani kama mtu anayewahi mnada.

Rangi zake chache: nyekundu ya udongo, kahawia, kijani kilichopauka. Hakuna kivuli, hakuna mng'ao. Mstari, mstari, basi.

"Michoro ya chekechea," nilimwambia Mama Furaha kwenye gari.

"Watu wameipenda," akanijibu, akaendelea kutazama simu yake.

Nilijua anatazama nini. Picha za ukuta zilikuwa kwenye kundi letu la WhatsApp, na chini yake mioyo, moto, mikono ya kusali, na "Mungu azidi kukuinua, Mutiso." Nilipofika nyumbani niliipitia mioyo ile mmoja mmoja kuona nani na nani wameiweka. Wa mke wangu ulikuwemo. Mwekundu.

Halafu kuna yule samaki.

Lazima niseme ukweli kuhusu samaki, kwa sababu ndiye aliyenimaliza. Kila mtu anamjua samaki wa Wakristo, amebandikwa nyuma ya magari kila mahali. Mutiso alitueleza kwamba neno la Kigiriki la samaki lilikusanya herufi za kwanza za jina na sifa za Yesu, kwa hiyo aliyemwona samaki kwenye pete au taa alielewa, na asiyehusika aliona kitoweo. Vizuri. Lakini mimi sikuwa namsikiliza. Nilikuwa natazama mstari. Kamchora kwa mikunjo miwili tu, ya brashi iliyojaa, bila kusita, na mstari umenenepa pale tumboni na kukonda mkiani kama vile samaki mwenyewe ndiye aliyepita hapo. Nilisogea karibu nikitafuta alipokosea akarudia. Hakuna.

Ni kazi nzuri. Nilitamani iwe mbaya, na ni nzuri.

Nyumbani nilichukua boksi tupu la nafaka, nikalipasua, nikatafuta brashi ya mafuta ya kupikia iliyopo kwenye droo. Nikajaribu samaki wangu kwa mchuzi wa soya. Furaha akapita kuchukua maji kwenye friji, akainama juu ya bega langu.

"Is that a shoe, Dad?"

Nilimwambia si kiatu, na aende akasome.

Nikamtafuta Mutiso kwa upande mwingine. Jumapili moja baada ya ibada, watu wakiwa na vikombe mkononi, nilisimama mbele ya ukuta na kuuliza kwa sauti ya mtu anayelitetea kanisa: ukuta wa kanisa, tausi yupo, mbwa yupo, msalaba uko wapi? Nilikuwa nimeshautafuta kila kona, nikahakikisha haupo. Akina mama wawili watatu wakaguna kuniunga mkono. Mmoja akasema, "Kweli kabisa, baba." Niliona raha ambayo sijaiona siku nyingi.

Mutiso hakukasirika. Aliweka kikombe chini.

"Ni swali poa, uncle. Lakini hawa watu walikuwa bado wanaona watu wakisulubiwa for real. Kando ya barabara. Huwezi chora hiyo kitu kwa kaburi ya mamako. So wakaificha. Cheki hiyo nanga."

Tukatazama nanga. Aliichora karibu na samaki, nami nilikuwa nimeipita mara nyingi nikidhani ni pambo la baharini.

"Angalia tu hapo juu," akasema.

Pale juu, chini ya pete ya kufungia kamba, palikuwa na mti umesimama na mwingine umeukata katikati. Msalaba mtupu. Chumba kizima kikasema "aaa." Mama yule aliyeniambia kweli kabisa akasema, "Eee Yesu," na kwenda kuigusa kwa kidole. Mchungaji wetu akampiga Mutiso begani. Mimi nilipulizia chai yangu ambayo ilikuwa imeshapoa.

Nilipopata nafasi nilimfuata, nikamuuliza kama fundi anavyomuuliza fundi mbona hajatia jina lake mahali popote. Nilitaka angalau nimfundishe kitu.

"Aah, uncle," akacheka. "Hao wa kwanza hawakuandika majina. Ukuta ni ya watu wote. Niandike Mutiso hapo for what?"

Nikamwona mjinga. Nikaondoka nimefurahi kidogo kwamba ni mjinga.

Siku yangu ya mapumziko nikaenda kwenye lile jumba kubwa la makumbusho mjini. Sikwenda kujifunza. Nilikwenda kutafuta kosa, nimkamate Mutiso kwamba kaiga vibaya. Nilitegemea dhahabu na marumaru. Nikakuta taa za udongo zinazoenea kiganjani, pete zenye vijiwe vilivyochongwa nanga na samaki, vitako vya bilauri za kioo. Vitu vya nyumbani, vya watu kama sisi. Na ukutani picha kubwa zilizopigwa ndani ya mahandaki ya makaburi.

Pale nilisimama mpaka miguu ikauma. Kwa sababu nilimwona fundi. Nilimwona wazi, mtu kafa zamani sana. Hapa brashi imeishiwa rangi na yeye kaendelea hivyo hivyo. Hapa kaharakisha mguu wa kondoo kwa sababu hakuna atakayeutazama. Hapa taa yake ilikuwa upande wa kushoto, mkono umemtilia kivuli, mstari umepinda. Yale niliyoyaita ya chekechea kwa Mutiso yalikuwa haraka ya mtu wa kazi, ananusa moshi wa taa na kutaka kutoka nje.

Na maelezo yaliyobandikwa pembeni yalisema mafundi hao walimchorea yeyote. Mchungaji yule yule aliyebeba kondoo alichorwa kwenye kaburi la Mkristo na kwenye nyumba ya mtu asiyemjua Yesu kabisa. Nikacheka kwa sauti, mlinzi akanigeukia. Nilikuwa nimemkumbuka kondoo dume wangu. Nilimkata kwenye boksi gumu, nikawa namzungushia penseli kila anapotakiwa. Alikuwa juu ya mlango wa bucha moja Arusha, na huyo huyo, pembe zile zile, alikuwa miguuni pa Yesu kwenye kanisa dogo njia ya Usa River. Waumini walimwimbia kondoo wa bucha na hakuna aliyejua ila mimi na mwenye bucha.

Kicheko hakikudumu. Chini ya kila picha walikuwa wameandika kwamba mchoraji hajulikani.

Ningetakiwa kunyenyekea hapo. Mtu mwema angenyenyekea. Mimi niliumia. Hao wasiotia majina, michoro yao bado ipo, watu wanaipangia foleni. Mimi niliyetia jina kila mahali, sina hata ukuta mmoja uliobaki. Mdogo wangu aliwahi kunitumia picha za mtaa wetu: kampuni za simu zimepaka kuta zote rangi zao, kutoka msingi hadi bati. Lile kanisa wameliongeza na kulipaka krimu. Kondoo kaenda, Meru kaenda, MSANII: ELI kaenda. Hakuna mahali duniani ambapo ukienda utaona mkono wangu ulipita. Ndiyo maana niliutaka ule ukuta wa Rayners Lane. Sikuwa nimemwambia mtu hivyo, hata Mama Furaha. Hata mimi mwenyewe sikuwa nimejiambia.

Sasa nifike kwenye hiyo juzi.

Alhamisi, baada ya zamu, Mama Furaha aliniomba nirudishe birika kubwa la umeme kanisani. Chumba kilikuwa kitupu. Ukuta ulikuwa umekwisha. Mutiso alikuwa ameacha brashi zake kwenye kopo, na tambara. Pale chini, kwenye ubao unaopakana na sakafu, niliona tone la rangi nyekundu limekauka. Fundi hawezi kuacha tone. Nikapiga goti, nikachukua tambara, nikalikwangua kwa ukucha na kufuta.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa padri mwenyeji, mama wa Kiingereza anayeongoza kanisa lao. Alikuwa likizo ndefu na ndiyo kwanza karudi. Sisi wa ibada ya Kiswahili anatujua sura tu, majina hapana. Alisimama mlangoni ameshika kifua. Kisha akatembea taratibu kando ya ukuta, kutoka kwa njiwa hadi kwa Yona, akamcheka yule nyangumi, akasimama mbele ya mwanamke anayesali. Alisema chumba hiki kilikuwa kimekufa. Alisema hivi ndivyo walivyochora mwanzoni kabisa, na hakutegemea kukuta kitu kama hiki hapa kwake.

Kisha akanitazama, nimepiga goti, tambara lenye rangi mkononi. Akaniuliza kama hii ni kazi yangu.

Nikasema, "Yes."

Sikusukumwa. Kiingereza chake kilikuwa wazi kama maji. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana, na hata baada ya kusema ndiyo nilikuwa na nafasi ya kusema samahani, namaanisha kanisa letu. Sikuitumia. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akaniuliza nilijifunzia wapi. Nikamwambia Arusha, kwa fundi mmoja wa mabango, nikianza kwa kuchanganya rangi na kufagia. Hiyo ni kweli tupu, na ndiyo inayonitia aibu kuliko yote, jinsi ukweli wangu ulivyokaa vizuri juu ya uongo.

Akasema Jumapili, kwenye ibada ya pamoja, anataka kunishukuru mbele ya makanisa yote mawili. Akaniuliza kama nitakubali kuwachorea na wao kwenye kona ya watoto. Nikasema nitafurahi.

Nilikwenda kukaa kwenye gari. Nikiri na hili: kuanzia kwenye kile chumba hadi kwenye lile gari nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nifike nchi hii. Nilitembea kama mtu mwenye ukuta.

Jana niliendesha basi nikitafuta pa kutokea. La kwanza kunijia ni lile letu sote: nitasema Kiingereza kilinipiga chenga, nilidhani ananiuliza kama nafanya usafi. Wangapi wetu tumejifichia hapo, kazini, benki, shuleni kwa watoto? Padri angeniamini, tena angeniomba yeye msamaha. La pili, nisiende kanisani. La tatu nalionea haya hata kuliandika, ila nimejiahidi nisifiche kitu: niliwaza kwamba Mutiso mwenyewe kasema ukuta ni wa watu wote. Kama ni wa watu wote, si ni wangu pia?

Nikapitiliza kituo. Abiria wakapiga kelele, mzee mmoja akanitazama vibaya wakati anashuka.

Nikirudi nyumbani nilijua jambo moja. Mdomo wangu naufahamu. Nikimkabili padri kesho, watu wamesimama, makofi yanapigwa, huu mdomo utatafuta njia yake. Nilihitaji kitu ambacho hakina mdomo.

Kwa hiyo leo asubuhi nilikwenda Kenton, kwenye duka la Mzee Shah. Ni Mhindi wa Kisumu, kaja huku kijana, na Kiswahili chake hajakiacha. Nilimwomba brashi ya herufi, ile nyembamba yenye nywele ndefu, na kopo dogo la rangi nyeusi ya mafuta. Alipanda ngazi mwenyewe akaitafuta.

"Kumbe wewe fundi?" akasema akiifuta vumbi. "Miaka yote unanunua balbu tu. Unaandika nini, bwana?"

"Jina."

"Jina yako?"

"Hapana, mzee. La mtu mwingine."

Alinitazama juu ya miwani, akanifungia kwenye gazeti bila kuuliza tena.

Ufunguo wa chumba tunao nyumbani kwa sababu ya kamati. Niliingia, nikawasha taa, nikasogeza viti. Nikapiga goti pale pale nilipofutia tone, kwenye kona ya chini, kando ya nanga. Nikachovya. Nikapangusa brashi, nikachovya tena. Nikaegemeza kidole kidogo ukutani kama nilivyofundishwa, nikaanza na M. Mguu wa kwanza ulisita. Wa pili ukashuka wenyewe. Ilipofika S mkono ulikuwa umeshakumbuka kila kitu, kujua wapi pa kubana na wapi pa kuachia, na sikuhitaji rula wala uzi wa chaki.

MSANII: MUTISO. Na namba yake ya simu, niliitoa kwenye lile lile kundi la mioyo.

Halafu nikabaki na brashi mkononi, ina rangi bado. Chini ya jina lake palikuwa na nafasi. Herufi tatu tu zingetosha, tena ndogo, na zingekuwa za kweli, maana hayo maandishi ni yangu. Nilikaa hapo hadi magoti yakafa ganzi. Rangi ikaanza kukusanyika kwenye ncha, inataka kudondoka.

Nikaenda kuosha brashi.

Najua Mutiso hakutaka jina. Pengine kesho atachukizwa, na ana haki, atalipaka rangi nyeupe juu na mkono wangu utakuwa umefutika hapo pia. Ukuta ni wake. Nitamwambia kwa nini nimefanya, naye aamue. Na padri, kabla hajasimama kushukuru mtu, nitamchukua hadi kwenye ile kona nimwonyeshe. Akiinama kusoma, sitakuwa na pa kukimbilia. Ndivyo nilivyopanga.

Mama Furaha ameingia sasa hivi kuniletea kitumbua cha kuonja. Ameona kucha.

"Umechora?"

Nikamwambia yote. Samaki wa mchuzi wa soya, makumbusho, goti, "Yes," kona. Nimemwambia na zile kuta za nyumbani zilizopakwa. Amesikiliza amesimama, mwiko mkononi, mafuta yanadondoka kwenye zulia na hakuna aliyejali. Nilitegemea anifokee. Nilistahili.

"Na herufi zimenyooka?" akauliza.

"Zimenyooka."

Akatikisa kichwa, akarudi jikoni kabla havijaungua.

Nimekaa hapa natazama kucha zangu. Wivu ungalipo, sitaki kumdanganya mtu. Nikimfikiria yule samaki, mikunjo miwili, bila kusita, bado kitu kinanibana hapa. Sidhani kama kesho kutwa kitakuwa kimeondoka.

Lakini ile M yangu, Mutiso haiwezi.